Naomba msaada: nimechora uso wangu kwa penseli, bekgraundi ya shanga imeumeza

shanga_na_penseli (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mie ni msomaji tu humu miaka mingi, leo ndio naanzisha uzi wa kwanza maana nimekwama kweli na hapa kwetu Kireka, pembeni ya Kampala, sina wa kumuuliza.

Nafanya kazi Nasser Road kwenye duka la kuprinti, napanga kadi za harusi, kalenda, risiti, mabango ya matangazo, jioni nikirudi nachora. Mwaka huu nimefikisha 30 nikasema nitajichora mwenyewe, uso wangu kama ulivyo, na kovu la kwenye nyusi na macho yaliyochoka, karatasi kubwa ya A2, penseli tu. Nilianza kwa selfi nikapiga gridi, miraba ya sentimita 1 kwenye picha na sentimita 3 kwenye karatasi, nikachora wiki nzima halafu dada yangu akaja akauliza mbona pua yako kubwa hivyo. Kumbe ni simu, ukiishika karibu pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Nikafuta yote. Nikaweka simu juu ya kabati mita mbili hivi kutoka nilipokaa, dirisha likiwa kushoto, nikatega muda ikajipiga yenyewe, na hiyo ndio nimechora, na kioo pembeni cha kuangalia vitu ambavyo picha haionyeshi, mfano ngozi ya chini ya jicho. Wiki tatu za jioni. Nawaambia ukweli uso umetoka, mpaka mimi mwenyewe nikiupita usiku nashtuka.

Tatizo ni nyuma. Nataka bekgraundi iliyotokana na kazi za Sanaa Gateja, wengi mtakuwa mnamjua, mzee wetu aliyezaliwa Kisoro 1950, anasokota shanga kwa karatasi zilizotupwa anazishonea juu ya olubugo, ile nguo ya gome la mti, shanga nyingi sana, ukisimama mbali unaona rangi zinatembea kama maji na ukisogea unaona kumbe kila tone ni karatasi. Alikuwa mmoja wa wasanii waliowakilisha Uganda kule Venice 2024. Nikasema nitachora shanga nyuma yangu pande zote. Nimechora kama mia tatu, moja moja, kila moja na mstari wake mweusi kuizunguka na nukta nyeupe ya kung'aa katikati. Sasa uso umezama! Ukiangalia picha jicho linakwenda kwenye shanga, linazungukazunguka huko, uso unakuja mwisho, tena umekaa kama picha ya pasipoti imebandikwa juu ya kanga.

Nianze upya au inaokoleka? Na swali la pili linanisumbua kuliko hilo la kwanza, je kuchukua shanga za mzee wa watu nikaziweka nyuma ya sura yangu ni wizi?

FundiMabango_Malaba

Usianze upya dada, usiguse kabisa hiyo karatasi leo. Piga picha ya mchoro kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe halafu iweke ndogo kama stempu. Sasa finya macho. Unaona nini cha kwanza? Mimi miaka 15 naandika mabango ya maduka na malori hapa mpakani na hicho ndio kipimo changu, bango lisiposomeka likiwa dogo kama stempu basi hata dereva wa lori hatalisoma.

Naweza kukuambia hata kabla hujafanya. Umesema kila shanga ina nukta nyeupe. Kwenye potreti, yaani picha ya uso wa mtu, kitu cheupe kuliko vyote kinatakiwa kuwa kile kimwanga kwenye jicho, basi, labda na kidogo kwenye mdomo wa chini na ncha ya pua. Wewe umeweka macho mia tatu nyuma ya kichwa chako. Nani atakuangalia usoni?

Na hiyo mistari myeusi ya kuzunguka. Uso wako hauna mstari, si ndio? Umeuchora kwa vivuli, shavu linaisha pale kivuli kinapoanza. Halafu nyuma yake kila kitu kimezungushiwa waya. Hizo ni lugha mbili kwenye karatasi moja na hazisikilizani.

shanga_na_penseli

Banange. Nimefanya hiyo ya stempu sasa hivi. Ni kweli tupu, kichwa changu kimekuwa shimo katikati ya mchanga unaong'aa.

Kevo_Kabalagala

Sasa dada. Mimi ni Mkenya nasoma Kampala na huwa nachora pia, ushauri wangu ni rahisi, futa nyuma yote acha karatasi nyeupe. Potreti ya penseli yenye uhalisia haihitaji kitu nyuma, uso ndio habari. Ukitaka bekgraundi ya msanii basi chagua inayoenda na mistari ya penseli, mfano yule mchoraji Mholanzi van Gogh, ile potreti yake mwenyewe ya Septemba 1889 ambayo nyuma ni mizunguko ya buluu mitupu, mistari ya nyuma ndio hiyohiyo iko kwenye koti na ndevu. Hapo hakuna vita kati ya mtu na ukuta. Shanga ni vitu, zina uzito, lazima zitapigana na uso wako.

mwalimu_wa_Mbale

Kevo umesema jambo zuri kuhusu van Gogh halafu ukalitupa. Kama mkono mmoja uliochora koti ndio uliochora ukuta na havigombani, basi dawa ya huyu dada ni mkono wake uwe mmoja, kufuta hakutamsaidia. Nafundisha sanaa sekondari na kila mwaka naona hili, mtoto anachora uso kwa mwezi mzima halafu bekgraundi anaimalizia usiku mmoja kabla ya kuleta kazi. Nyuma inaanza siku ileile uso unapoanza jamani. Hata kama ni kivuli chepesi tu lazima kiwepo, maana huwezi kujua shavu ni jeusi kiasi gani mpaka ujue kilicho nyuma ya shavu. Weka kijivu kilekile juu ya nyeupe kitaonekana cheusi, kiweke juu ya nyeusi kitaonekana cheupe.

Sasa kuhusu vitu vinavyopigana na uso. Angalieni Klimt, mchoraji wa Austria, ile potreti ya Adele Bloch-Bauer ya 1907. Uso, mabega na mikono vimechorwa laini kama ngozi ya kweli, vingine vyote dhahabu na maumbo, macho, pembetatu, mizunguko, pengine mamia. Mbona uso haujazama? Kwa sababu hayo maumbo yamelazwa bapa, hayana kivuli, hayana tumbo. Ngozi peke yake ndio ina mviringo. Wewe dada umezipa shanga mviringo sawasawa na pua yako.

Mfano mwingine Kehinde Wiley, mchoraji Mmarekani, potreti ya Obama ya 2018. Majani ya kijani ukuta mzima na kila jani limechorwa kwa makini kabisa, tena kuna maua ya maana, krisanthemamu za Chicago, asmini za Hawaii, na yungi za buluu za Afrika kwa ajili ya baba yake wa Kenya. Uso haukumezwa hapo pia. Majani mengine yanakuja mbele kidogo yanapita juu ya miguu na kiti, kwa hiyo mtu yuko ndani ya majani, hajasimamishwa mbele ya pazia. Hiyo ndio dawa ya pasipoti yako. Kitu cha nyuma kikiingia mbele mahali pamoja au pawili, picha inashikana.

Na swali ambalo hujaulizwa. Kwa nini shanga? Wiley ana sababu ya kila ua. Wewe yako ni ipi?

Mzee_wa_Bombo

Wanangu nimefurahi kuona uzi kama huu, endeleeni. Mimi si mchoraji lakini nina neno kuhusu olubugo maana binti ametaja. Kama una mpango wa kuchora au kubandika kazi yako juu ya olubugo halisi, keti kwanza na wazee wa nyumbani. Sisi Wanubi tuna vikapu vyetu, olubugo ni ya wenyeji wetu Baganda, lakini nimeishi nao maisha yangu yote na nimezika nao wengi. Olubugo ndio wanafungia maiti. Ndio pia inavaliwa kwenye sherehe za Kabaka, mfalme wa Baganda, ndio imetanda ndani ya makaburi ya wafalme hao pale Kasubi yale yaliyoungua Machi 2010, kwa hiyo sio nguo ya kifo peke yake, ni nguo ya heshima. Lakini mama mwingine akiona uso wa mwanae aliye hai juu ya olubugo moyo utamruka.

Na ujue inavyotengenezwa, itakusaidia hata kuichora. Wanabandua gome la ndani la mti wa mutuba, shina wanalifunga majani ya migomba lisikauke, kisha gome linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka linatanuka na kuwa laini, mara kadhaa ya upana wake. Mti unaota gome jipya na unavunwa tena. UNESCO walitangaza ufundi huo kuwa kazi bora ya urithi wa wanadamu usioshikika mwaka 2005. Hizo alama za nyundo bado zinaonekana kwenye nguo, mistari midogomidogo imelala upande mmoja.

shanga_na_penseli

Mzee asante sana, na mwalimu asante, sasa nawajibu wote wawili kwa pamoja kwa sababu jibu ni moja.

Mama yangu ni Mwacholi, marehemu baba alikuwa mwanajeshi wa kutoka Mbale, Mgisu, ndio maana sisi nyumbani ni Kiswahili, ndio lugha waliyokutania. Vita vilipochacha kaskazini tukaishia huku Kireka, upande wa Acholi Quarter. Mama aliponda mawe kwenye kwari kama wakinamama wenzake, mabega yakamwisha, halafu ndio ikaja kazi ya shanga za karatasi. Mimi nimesomeshwa na shanga. Nikirudi shule kabla ya kula lazima nikate karatasi, unakata vipande virefu vya pembetatu, upande mmoja mpana upande mmoja unaisha kama ncha ya sindano, unaanza kusokota kwenye upande mpana ukizungusha kwenye sindano au kijiti, kaza, kaza, ukifika ncha unatia gundi, halafu zinatungwa zinapakwa vanishi zinaanikwa. Ndio maana ushanga wa karatasi unanenepa katikati, ni zile ngazi za karatasi zinapanda. Naweza kusokota gizani.

Na sasa kazi yangu ni Nasser Road. Vipande vinavyokatwa pembeni ya kalenda na mabango navibeba nampelekea mama kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kila Ijumaa. Bado anasokota ingawa macho yamepungua. Kwa hiyo mwalimu sababu ndio hiyo. Nilipoona kazi za mzee Gateja kwa mara ya kwanza kwa macho yangu nilisimama pale nikalia, kwa sababu kitu ambacho sisi tulikuwa tunauzia watalii kama mkufu yeye alikifanya ukuta mzima, kikubwa, cha kutundikwa mahali watu wananyamaza.

Olubugo nitaacha. Nilikuwa na wazo hilo kweli, lakini mzee umenionyesha mama atakavyoona.

mtu_wa_Masaka

Hata bila hilo la msiba, penseli haishiki kwenye lubugo. Kwetu wanatengeneza, nimejaribu. Nyuzi zinatoka, mistari myembamba inapotea, mkaa unapepea. Kuchora jicho pale ni mateso. Rangi ya mafuta ukiipaka gundi kwanza sawa, penseli hapana.

KijanaArua

Mi nauliza tu bila ubaya, bado swali la wizi halijajibiwa. Kama kila mtu anajua shanga juu ya lubugo ni za huyo mzee, ukiziweka nyuma ya sura yako si unatumia jina lake kujipandisha?

mwalimu_wa_Mbale

Swali la haki. Kisheria, Uganda tuna sheria ya hakimiliki ya 2006 nayo inalinda kazi yenyewe, hailindi wazo wala njia ya kufanyia kazi. Ukichukua kazi yake moja ukainakili shanga kwa shanga hapo umeingia shambani mwa mtu. Ukichukua namna ya kufikiri huo ni uanafunzi, na msanii yeyote ameupitia. Lakini sheria sio yote, kuna adabu. Adabu ni kumtaja. Nyuma ya karatasi andika jina lake kwamba ndiye aliyekufungulia mlango, na mtu akikuuliza umtaje kabla hajamaliza kuuliza.

Halafu shanga za karatasi zinasokotwa na wanawake wengi sana Kampala hii, na huyu dada amekua ndani yake. Alichochukua kwa mzee ni kule kuona kwamba vitu vidogo elfu vinaweza kuwa uwanja mmoja. Hicho ndio akitafute, asikae anachora ushanga mmoja mmoja kama anauhesabia.

KijanaArua

Kale, nimeelewa. Hilo la kumtaja nimelipenda.

mama_wa_Nsambya

Jambo watu wa humu. Mi natoka Goma, tuko Nsambya mwaka wa sita, nachoraga sura za watu wa kanisa. Dada niambie kuhusu ngozi, hamjaongea ngozi. Ngozi yetu nyeusi kwa penseli watu wanakosea wanafikiri ni kubonyeza tu 8B, penseli laini nyeusi sana, mpaka iwe nyeusi. Penseli ukiibonyeza sana inang'aa kama bati, ukisimama upande mwingine uso unakuwa mweupe. Mi nafanya nyeusi ya mwisho kwa mkaa wa kuchorea, mboni, matundu ya pua, kivuli cha chini ya kidevu, ndani ya nywele, kwa sababu mkaa haung'ai. Usitie mkaa juu ya penseli nzito, hautashika, anza na mkaa pale unapotaka giza halafu penseli ije kukutana nayo.

Na kwenye ngozi nyeusi mwanga unaonekana zaidi kuliko kwenye ngozi ya Mzungu, angalia paji la uso lako karibu na dirisha, kuna mahali panakuwa karibu nyeupe kabisa na pembeni yake palepale ni giza. Usiogope hiyo. Wengi wanasugua kwa kidole mpaka uso mzima unakuwa kijivu kimoja kama uji. Tena kidole kina mafuta, kinaacha madoa hayatoki, tumia kitambaa ao pamba.

shanga_na_penseli

Mama asante, hiyo ya kung'aa kama bati nimeiona kwenye nywele zangu na sikujua ni nini! Ngoja niende nikajaribu pembeni kwanza, nitarudi Jumapili.

FundiMabango_Malaba

Jaribu kwenye vikaratasi vidogo. Usiende kwenye mchoro mkubwa mpaka kimoja kikubali.

shanga_na_penseli

Nimerudi. Jumapili imepita mnisamehe, kazini tulikuwa na kalenda.

Nilikata vikaratasi vya ukubwa wa simu nikachora kichwa changu haraka, giza na mwanga tu bila macho wala mdomo, nikajaribu nyuma tofauti. Cha kwanza nilizifanya shanga hafifu zote, mstari mwepesi bila kivuli kama mwalimu alivyosema kwa Klimt. Uso ukarudi mbele kweli, lakini shanga zikawa kama vigae vya bafu. Hazikuwa karatasi tena. Mama asingezitambua.

Cha pili nikafanya kubwa karibu na mabega na ndogo zikienda juu. Nikafikiri itakuwa na kina. Ikawa kama ninamwagiwa mawe.

Cha tatu ndio kimenifungua. Mwanga wangu unatoka kushoto, si ndio, kwa hiyo shavu la kushoto ni jeupe na la kulia liko kivulini. Nikaweka shanga za giza nyuma ya shavu la mwanga na shanga za mwanga nyuma ya shavu la giza. Basi! Sikuhitaji mstari wowote kuzunguka uso, uso ulijitokeza wenyewe pande zote mbili. Nikafinya macho kama fundi alivyofundisha, kichwa kimesimama. Nilikaa nakiangalia kikaratasi cha ukubwa wa simu kama nusu saa.

Halafu ikatokea kitu ambacho sikukipanga. Nimesuka nywele zile tunaita biswahili, mistari imelala inarudi nyuma. Kwenye kile kikaratasi mkono uliteleza, mstari wa msuko ukaendelea ukatoka nje ya kichwa ukaingia kwenye shanga, na nilipotaka kuufuta nikaona unafanana na uzi wa kutungia. Msuko wenyewe ukiuangalia ni fundo, fundo, fundo. Ni shanga. Kwa hiyo sasa kila msuko unatoka kichwani unakuwa uzi wa shanga, nyuzi zinaenda nyuma zinatanda ukuta mzima, na mbili zinarudi mbele zinapita juu ya bega la kulia, zile za mwalimu za kuingia mbele. Kwenye giza la nywele huwezi kusema nywele zinaishia wapi na shanga zinaanzia wapi.

Swali langu sasa ni lile karatasi kubwa. Shanga mia tatu zenye mistari myeusi zimekaa pale. Nafutaje bila kuchana karatasi na bila kuchafua uso?

Kevo_Kabalagala

Dada nimesoma hii ya misuko mara tatu. Nafuta ushauri wangu wa kuacha nyeupe, nilikosea.

Kufuta, usisugue na raba ngumu. Tumia raba ya kukanda kama unaipata, au Blu Tack ile ya kubandikia mabango ukutani, ikande iwe laini, ibonyeze na kuinua, bonyeza na kuinua, inabeba penseli bila kukwangua. Haitatoa yote pale ulipobonyeza sana, itaacha kivuli. Uso ufunike na karatasi safi, usiuguse na mkono.

mama_wa_Nsambya

Mkate pia, ndani ya mkate mlaini bila siagi, kwa mkaa unabeba vizuri sana. Wachoraji wa zamani walikuwa wanatumia.

mwalimu_wa_Mbale

Na hicho kivuli kitakachobaki usikisikitikie. Upande ambao unataka shanga za giza acha mistari ya zamani ikae chini, itakuwa karatasi iliyokwisha andikwa, na shanga zako ni karatasi iliyokwisha andikwa. Upande wa mwanga ndio uinue kwa subira.

Jambo moja zaidi. Usichore kila ushanga kwa makini sawa. Chagua kama kumi karibu na uso na zile za begani, hizo zichore mpaka ngazi za karatasi zihesabike. Nyingine ziwe kivuli na mwanga tu, jicho la mtazamaji litazimalizia lenyewe. Na siku ukipata nafasi nenda ukaangalie kazi za watu ukutani, usitegemee simu. Galari ya Nommo pale Nakasero ipo tangu 1964 na Makerere wana galari yao. Simama karibu, rudi nyuma, sogea tena. Simu haikuonyeshi umbali, na kazi yako hii inaishi kwa umbali.

Mzee_wa_Bombo

Binti mama anajua unachora?

shanga_na_penseli

Anajua nachora mzee, hajui ni nini. Nimemficha, mchoro uko nyuma ya kabati.

shanga_na_penseli

Jamani imeisha. Wiki tano tangu nifungue uzi.

Kuinua zile shanga za zamani upande wa kulia kumechukua siku nne, Blu Tack nzima imekuwa nyeusi kama lami. Upande wa kushoto nimeacha kama mwalimu alivyosema na ni kweli, ile mistari ya chini imekuwa kama maandishi yanayochungulia. Hiyo ikanipa wazo, nikaenda kwa mama nikaomba bakuli la shanga nikasema ni za mteja, nikaziweka mezani chini ya dirisha nikachora zile kumi kutoka kwenye shanga halisi, sio kichwani. Ukizitazama kwa karibu zina herufi. Kipande cha "Januari", nusu ya namba ya simu ya mtu, mkia wa herufi g, kona ya picha ya bibi harusi. Vyote vimepita mikononi mwangu kazini kabla ya kupita mikononi mwake. Nimezichora na herufi zake.

Jicho la kushoto nimelirudia mara moja, nimeweka mkaa kwenye mboni na kile kimwanga nikakiacha karatasi tupu, hakuna mahali pengine peupe kama pale kwenye mchoro mzima. Nyuma ya karatasi nimeandika jina la mzee Gateja, na chini yake jina la mama.

Jana jioni nikaitoa nyuma ya kabati nikaisimamisha kwenye kiti. Mama alikuja na miwani yake, akakaa mbali kwanza, akanyamaza. Mimi moyo unapiga. Halafu akainuka akasogea karibu kabisa, nikajua anaangalia uso, lakini kidole kikaenda begani, kwenye ule uzi wa mbele, ushanga wa tatu.

Akasema huu umelegea. Aliyeusokota hakukaza mwanzoni, ukitiwa vanishi utafunguka.

Nikaenda kuangalia kwenye bakuli. Ni kweli, upo, wa kalenda, umelegea. Niliusokota mimi.